Saratani ya titi inapojificha kwenye ini: maswali yanayoulizwa Bukavu

Nilikatwa titi, kidonda kikapona. Ini linaingiaje hapa?
Chembe chache za saratani huweza kutoroka kwa njia ya damu kabla ya upasuaji. Hukaa kimya hata miaka, kisha huota kwenye ini, mifupa, mapafu au ubongo. Hii ndiyo metastasi, yaani saratani iliyosambaa. Hata ikiwa kwenye ini, bado ni saratani ya titi, na hutibiwa hivyo.

Mbona sikuhisi kitu?
Sehemu ya ini ikiharibika, iliyobaki huendelea na kazi. Uchovu, kukonda, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja baadaye.

Ekografi imeonyesha kuwa ini langu ni zima. Nimesalimika?
Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara. Ekografi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, hutafuta uvimbe, na uvimbe mdogo huikwepa. Tena ipo hali adimu ambapo chembe hupenya kwenye mishipa midogo ya ini bila kufanya uvimbe, na hata skana ikaonekana karibu ya kawaida. Ikiwa vipimo vya damu vya ini vinazidi kupanda, muulize daktari kuhusu biopsi: kipande kidogo cha ini huchukuliwa kwa sindano na kuchunguzwa kwa hadubini.

Majirani wanasema mama amelishwa karuho, yaani sumu.
Uchungu wa familia ni wa kweli, na mgonjwa kweli amekonda na tumbo limejaa. Lakini saratani kwenye ini huleta dalili hizo hizo, na homa ya ini vilevile. Tunawasihi: jina la mtu lisitajwe kuwa ndiye aliyemlisha, wala mama asipewe dawa ya kutapisha au mizizi, kabla hajapimwa. Baadhi ya dawa hizo huliumiza ini zaidi.

Kuna tiba?
Kupona kabisa ni nadra, ila dawa huweza kuuzuia ugonjwa kwa muda na kutuliza maumivu.

Nianzie wapi?
Kituo cha afya cha mtaani kwako, Kadutu, Ibanda au Bagira, kikuandikie rufaa kwenda Hospitali ya Panzi au Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kujua bei kabla ya kipimo na kupewa nakala ya majibu. Beba karatasi za upasuaji wa titi. Kama zilipotea wakati wa kukimbia vita, mwambie daktari kwa mdomo kuwa ulikatwa titi, hata kama imepita miaka 10.