Picha za flashi zinapotoka nyeusi



Wapo kati yetu, hapa kambini Kinama katika eneo la Gasorwe, Muyinga, wenye kamera ndogo za dijitali. Harusi inapigwa picha usiku, kadi ya kamera inapelekwa kuchapishwa Gitega, na picha zinarudi nyeusi: gauni linaonekana, lakini uso wa bibi harusi hauonekani. Mara nyingi kamera ni nzima, na shida inaweza kuondolewa bila kununua kitu.

Si jambo la harusi tu. Mwaka 1994, watoto wengi wa Rwanda walipotengana na wazazi wao na kufika upande wa Goma, mashirika yaliwapiga picha, na picha hizo zikaonyeshwa makambini ili wazazi wazitazame. Mtoto mdogo hawezi kutaja jina kamili la baba yake wala kilima alikotoka. Uso wake ndio barua yake. Ikiwa picha ni ya giza, mama anaweza kupita mbele yake asimtambue.

Kwanza ujue kwamba flashi ya kamera ndogo ni taa dhaifu. Kwa kawaida inafika mita 3 au 4, basi. Tena mwanga wake hupungua haraka kuliko unavyodhani. Aliye mita 1 akipata mwanga wote, aliye mita 2 anapata robo yake, na aliye mita 4 anapata sehemu 1 tu kati ya 16. Ndiyo maana katika picha ya ukumbini watu wa mbele wanakuwa weupe kama chokaa, na maharusi walio nyuma yao wanamezwa na giza. Sogea karibu, hatua mbili au tatu kutoka kwa mtu. Wakiwa wengi, usiwapange safu nne. Wapange kama upinde, kila mmoja awe umbali ule ule kutoka kwako.

Usivute kwa zumu badala ya kutembea. Katika kamera nyingi ndogo, ukivuta picha karibu lenzi hupitisha mwanga kidogo zaidi, na flashi ambayo ingefika mita 4 huenda isivuke 2. Miguu yako ndiyo zumu bora.

Jambo la pili linawashangaza wengi: kamera inadanganywa na weupe. Kabla ya kupiga, inapima mwanga unaorudi. Ikiona shati jeupe, ukuta wa chokaa au turubai (shitingi, kama wengi tunavyoiita), inadhani mwanga unatosha, nayo inapunguza flashi. Uso mweusi mbele ya turubai jeupe ndio unaopata hasara. Kioo cha dirisha hufanya vivyo hivyo, na pia mikanda inayong'aa kwenye fulana za wafanyakazi wa mashirika; mmoja tu akisimama katikati ya kundi, picha nzima inaweza kuharibika. Basi mtoe mtu mbele ya weupe, umweke mbele ya ukuta wa udongo au mlango wa mbao, na uso wake ujaze sehemu kubwa ya picha. Kama kamera ina alama ya kujumlisha na kutoa (+/−), jaribu +1. Katika kamera nyingine alama hiyo huongeza pia nguvu ya flashi.

Mtu asiambiwe kwamba ngozi yake ndiyo mbaya. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo ziliitwa Shirley. Filamu zilipangwa kwa uso wake, si kwa wetu.

Tazama pia namba ya ISO. Ukiipandisha kutoka 100 hadi 400, flashi inafika mbali mara mbili, ingawa picha itakuwa na chembechembe kidogo. Subiri taa ndogo ya kamera iache kumetameta kabla ya kupiga tena, kwa maana flashi bado inajaa. Betri zikichoka inachelewa zaidi. Na kidole kisiifunike. Ni kosa la kila siku.

Kwa picha ya hati, au ya mtoto anayetafutiwa jamaa, acha flashi kabisa. Mchana, mkalishe ndani karibu na mlango, kivulini, uso ukielekea nje, nawe usimame upande wa mlango bila kumzibia mwanga. Mwekee karatasi au kitambaa cheupe mapajani. Kitarudisha mwanga chini ya macho na kidevu.

Je, picha ambayo imekwisha kuwa nyeusi? Usiifute. Kwenye kompyuta fanya nakala kwanza, kisha ufungue nakala hiyo katika programu ya picha. GIMP ni ya bure. Tafuta sehemu yenye mchoro kama kilima. Katika picha ya giza, kilima kimebanana upande wa kushoto. Sogeza alama ya kulia mpaka kwenye mguu wa kilima, halafu alama ya katikati kidogo upande wa kushoto, na uso utaanza kutokea. Uso uliokuwa mweusi kabisa hautarudi, kwa sababu kamera haikuandika kitu pale. Acha kabla ngozi haijawa ya kijivu. Baadhi ya wachapishaji hupenda kumgeuza mtu kuwa mweupe, wakataze. Picha ya hati usiirekebishe hata kidogo, piga nyingine.

Picha ya mtoto anayetafutiwa jamaa usiibandike sokoni wala usimpe mtu usiyemjua. Mpelekee mhudumu wa Msalaba Mwekundu wa Burundi anayeshughulika na kutafuta jamaa, pamoja na majina yote ya mtoto, majina ya wazazi, mahali walipoachana na mwaka.