KUMTUNZA NA KUMFUNZA MBWA

Katika wilaya yetu ya Kilosa mbwa ni mlinzi wa watu wengi. Mkulima wa mahindi kando ya Mto Mkondoa humtegemea kufukuza nyani na nguruwe mwitu. Mfugaji wa nyanda za Mkata hulala akijua kwamba fisi akikaribia zizi, mbwa atabweka kwanza. Na mwenye duka pale Mikumi, kwenye barabara kuu ya Iringa, hufunga mlango usiku akamwachia mbwa ulinzi. Lakini ukiwauliza, "Je, mbwa wako aweza kushikwa?" wengi watacheka, maana mbwa wao haujui mkono wa mtu ila wenye fimbo. Nataka kueleza kwa nini jambo hilo ni kubwa, na namna ya kulitengeneza.

Sababu ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimwuma mtu, virusi hupanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na kwa kawaida miezi 1 hadi 3 hupita kabla ya dalili kutokea. Dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Hata hivyo kinga ipo, tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris tarehe 6 Julai 1885. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na mwisho hukoma. Sindano yenyewe ni ya dakika moja tu. Kazi ni kumshika mbwa. Siku ya chanjo nimewaona watu wazima wakifika mikono mitupu, wakisema, "Wangu amekimbilia vichakani." Mbwa asiyeshikika hachanjwi. Kwa hiyo kumfunza mbwa si mchezo wa watu wenye nafasi; ni mlango wa kumkinga yeye na nyumba nzima.

Sasa tuanze na matunzo. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya majuma 8. Mjengee kibanda nje, penye kivuli na pasipoingia mvua, na umpe chombo chake mwenyewe. Hayo yawafaa pia majirani zetu Waislamu, ambao dini yao huwaruhusu kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Mbwa wetu, Askari, hula ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama, na maji safi hayakosi kamwe. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vikali vyenye kuchoma matumbo. Wala usimpe vitunguu, maana huharibu damu yake. Mpe dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyoagiza, na umtoe kupe. Sisi tulio karibu na Mikumi tuna adui mwingine, naye ni mbung'o. Mbwa aliyeumwa na mbung'o mwenye vimelea hupata homa, hukonda, na pengine macho yake huingia ukungu mweupe. Ukiona hivyo, usingoje.

Baada ya matunzo huja mafunzo, na wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Somo la kwanza ni mkono. Kila siku mguse kwa upole masikio, miguu, mdomo na shingo, huku ukimpa kipande cha dagaa. Somo la pili ni neno "njoo". Akija, mpe chakula papo hapo. Usimwite kamwe ili umpige, maana kesho hatakuja. Somo la tatu ni "kaa". Shika chakula juu kidogo ya pua yake, ukipeleke nyuma polepole. Kichwa kitainuka na makalio yatashuka. Hapo sema "kaa", kisha mpe. Somo la nne ni kuvaa kamba shingoni, kwanza akiwa amesimama, kisha akitembea nawe.

Nyumba nzima itumie neno lile lile. Kaka akisema "kaa" na dada akisema "keti", mnyama hatajua afuate lipi. Mimi humfundisha Askari jioni kabla ya chakula, kwa dakika 5 tu, kwa kuwa mwenye njaa kidogo husikiliza na aliyechoka hasikii.

Wako watakaosema kwamba mnyama hafundishiki bila kiboko. Hao na watazame hapo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akifanya sawasawa husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula, hapigwi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Ikiwa panya hufunzwa hivyo, mbwa atashindwaje? Tena wahenga walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Faida ya kazi hii haiishii mlangoni petu. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina simba na mbwa mwitu, nao huweza kuambukizwa maradhi ya mbwa wa nyumbani. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua simba 1,000 hivi huko Serengeti, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa huko, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini. Basi mbwa wako asizurure porini. Mwulize pia daktari juu ya chanjo ya distempa, maana ile ya kichaa haikingi ugonjwa huo.

Mwisho, ukiumwa na mbwa yeyote, hata akiwa wako, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa nyumbani, wala usitosheke na dawa za kupaka. Chanjo huokoa ikiwahi. Ikichelewa mpaka dalili zikatokea, haifai kitu.

Likizo i karibu. Ewe mwanafunzi mwenzangu, ufikapo nyumbani mzoeze mbwa wako mkono na kamba, kisha uliza ofisi ya mifugo siku ya chanjo. Mpeleke, hata kama angali mdogo, na umpeleke tena kila mwaka. Nanyi wazazi, tunawaomba mturuhusu kazi hiyo, na mtupatie dagaa kidogo za kuifanyia.