Chumvi za Damu na Degedege

Mtu anapoanguka ghafla, akakakamaa na kutupatupa viungo, wengi husema mara moja kwamba ameshikwa na kifafa. Lakini si kila degedege ni kifafa. Hata mtu ambaye ubongo wake hauna ugonjwa wowote aweza kupatwa na degedege iwapo chumvi zilizomo katika damu yake zimepungua au kuzidi mno. Yafaa tofauti hii ieleweke, kwani dawa za kifafa peke yake huenda zisimsaidie mgonjwa wa namna hiyo.

Chumvi zinazohusika hapa ni sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Zikiyeyuka katika maji ya mwili huchukua chaji za umeme, na chembe za neva hupelekeana habari kwa kuzipitisha katika vijilango vya kuta zake.

Magnesiamu hufanya kazi ya komeo. Hukaa ndani ya baadhi ya vijilango vya ubongo na kuvizuia visifunguke ovyo. Kwa kawaida lita moja ya damu huwa na magnesiamu kiasi cha milimoli 0.7 hadi 1.0. Kiasi hicho kikishuka sana, hasa chini ya 0.5, makomeo hupungua, chembe huchocheana bila kiasi, na degedege huweza kutokea.

Sodiamu hudhuru kwa njia nyingine. Kiasi chake cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikipungua kwa haraka, maji huingia katika chembe za ubongo, nao huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Ndiyo sababu ni hatari kumnywesha mtoto mchanga maji matupu mengi. Hata hivyo, daktari hairudishi sodiamu kwa pupa, kwani kuipandisha upesi mno kwaweza kuharibu ubongo.

Kalsiamu ikipungua, midomo hufa ganzi, vidole hukakamaa, na mwishowe degedege hufuata. Pengine mgonjwa hupewa kalsiamu tena na tena asipate nafuu. Mara nyingi sababu yake ni upungufu wa magnesiamu uliofichika: tezi nne ndogo za shingoni zinazoongoza kalsiamu haziwezi kutoa homoni yake ipasavyo bila magnesiamu. Magnesiamu ikirudishwa, kalsiamu nayo hutengemaa.

Upungufu wa magnesiamu huletwa na kuharisha kwa muda mrefu, ulevi wa kudumu, baadhi ya dawa za kuongeza mkojo, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama vile omeprazoli.

Mgonjwa wa degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, na apelekwe hospitali. Huko damu ipimwe sukari, sodiamu na kalsiamu, na magnesiamu isisahauliwe, kwani mara nyingi haipimwi mpaka iombwe. Ndugu nao waeleze dawa zote anazotumia na kama ameharisha au kutapika.

Nyumbani, anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Maji yakizidi, chumvi haitoshi. Yakipungua, chumvi huzidi. Mwili hudhurika kwa yote mawili.