SOMO KWA JAMAA: POMBE NA KONDO LA NYUMA

Masomo: Waamuzi 13:2-14



Sura hii inaeleza habari za Manoa na mke wake, watu wasiokuwa na mtoto. Malaika alimkataza yule mama divai na kila kileo. Sababu iliyoandikwa ni ya kwamba mtoto atakuwa Mnadhiri. Lakini tuangalie wakati wa makatazo hayo: malaika hakungoja tumbo lionekane. Habari ya mimba na habari ya kuacha kileo zilikuja pamoja.

Wamama wanaozalisha wanalijua kondo la nyuma, lile waganga wanaloliita plasenta. Wanaliangalia kama limetoka lote ao kipande kimebaki. Kwa sababu linatoka mwisho, tunafikiri ni kitu cha mwisho. Sivyo. Ni kati ya vitu vya kwanza kutengenezwa. Karibu juma moja baada ya mimba kutungwa, mbegu inajishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi na kondo linaanza kujengwa. Siku hiyo mama hajakosa hata siku zake za mwezi. Bado anakwenda soko, bado anakaribishwa kasiksi kwenye sherehe ya mahari, hajui kitu.

Kondo ndilo mapafu, tumbo na figo za mtoto. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Kati yao kuna ngozi nyembamba inayopitisha chakula na hewa. Ngozi hiyo haizuii pombe. Baada ya muda mfupi kilevi katika damu ya mtoto kinakaribia kile cha mama, na ini lake ni changa, haliwezi kukivunja vizuri. Kingine kinaingia katika maji yanayomzunguka, naye anayameza tena.

Tena pombe inaharibu kondo lenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwapa panya pombe siku nne kabla ya mimba na siku nne baada yake, kisha wakaiacha. Hata hivyo kondo lilikua vibaya na mishipa yake ya damu ilipungua, zaidi kwa watoto wa kike. Panya si mtu, ni kweli. Lakini kwa wamama wanaokunywa, waganga wanaona mimba kutoka, watoto wadogo mno, na kondo kubanduka kabla ya wakati kwa damu nyingi. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika juu ya watoto 127 wa wazazi walevi: nyuso zinazofanana, miili midogo, akili nzito.

Wengine watajibu: kasiksi ni ndizi, bia inaongeza damu, ubaya ni lutuku tu. Kilevi ni kile kile. Bia ya sentilita 72 yenye kilevi asilimia 5 inabeba karibu gramu 28. Na hakuna kipimo ambacho waganga wamesema ni salama kwa mwenye mimba.

Mimba ikitoka, katika mitaa yetu jina la jirani ao la mama-mkwe linatajwa upesi, na nyumba zinavunjika. Tuache kutafuta mchawi. Wala tusigeuke kumhukumu mama: malaria, njaa na shinikizo la damu pia vinaleta hayo, naye mara nyingi alikunywa kabla ya kujua. Akiacha leo, mtoto anapata faida leo.

Ninyi wanaume, Manoa aliomba malaika arudi, akaambiwa makatazo yale yale. Bwana anayetaka mtoto asimmiminie mke wake glasi, naye aache pamoja naye tangu wakati wanapomtafuta mtoto.

Mama aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake. Mwili unaweza kutetemeka hata kuanguka kifafa. Amwambie muuguzi siku ya kupima mimba, bila haya, naye atasaidiwa kupunguza.