Dondoo muhimu: Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli

Barabara ya Mombo–Lushoto ni lami, kama kilomita 33, na inapanda karibu mita 1,000 ndani ya milima ya Usambara. Anza alfajiri, jua la Mombo halina huruma, na mwinuko unaanza mapema. Tumia gia nyepesi tangu mwanzo, usisubiri magoti yalalamike.

Soni iko takriban katikati. Pumzika hapo, jaza maji, kula ndizi.

Wakati wa kurudi, kushuka ndiko kwenye hatari. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, mwingine bonde, na malori ya mboga hutanua kwenye kona. Kaa kushoto kabisa, hata kona ikikushawishi vipi. Breki usiishikilie mfululizo: rimu hupata moto hadi tyubu kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia. Pedi zilizokwisha zibadilishe kabla ya safari.

Beba tyubu ya akiba, pampu na koti jepesi. Lushoto kuna baridi, hasa Juni na Julai. Machi hadi Mei ni masika, ukungu na utelezi. Miezi hiyo panda basi.