Tutengeneze Wenyewe Pazia la Sinema

Projekta ndogo siku hizi zinapatikana katika shule, sharika na hata baadhi ya nyumba. Kinachokosekana mara nyingi ni pazia zuri la kuonyeshea picha. Shuka hufungwa kwa kamba mbili, upepo hulitikisa, mwanga hupenya hadi nyuma, na walio mbali hawaoni kitu. Hao walio mbali mara nyingi ni akina mama wenye watoto wachanga, wanaokaa karibu na mlango. Kama filamu ni ya chanjo au lishe, basi waliokusudiwa ndio waliokosa.

Kazi hii si ngeni kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, ulizungusha filamu vijijini kwa lori. Sisi leo tunaweza kuanza na fundi seremala na shuka moja.

Vifaa vinavyohitajika
■ Mbao za inchi 2 kwa 2: mbili za sentimita 200 na mbili za sentimita 140
■ Mbao moja ya inchi 2 kwa 1 yenye sentimita 150
■ Shuka jeupe la pamba lisilo na mshono katikati, lisilopungua sentimita 220 kwa 170
■ Kaniki au kitambaa kingine cheusi
■ Rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, brashi, msasa, gundi ya mbao na misumari

Hatua za kufuata
1. Unganisha fremu ya sentimita 200 kwa 150. Pima kutoka kona hadi kona: pande zote mbili zitoe sentimita 250. Zikitofautiana, fremu imepinda. Irekebishe kabla gundi haijakauka.
2. Pigilia mbao nyembamba katikati, kwa upande wa nyuma, ili isiguse shuka. Piga msasa kingo zote.
3. Lowanisha shuka, likamue, kisha litandaze. Anza kupigilia katikati ya kila upande, ukivuta upande mmoja na ule unaouelekea kwa zamu. Malizia kwenye kona. Ukianza na kona utapata mikunjo.
4. Shuka likikauka, paka rangi mara mbili. Rangi inayong'aa haifai, kwa kuwa huleta doa la mwanga katikati ya picha.
5. Rangi ikikauka kabisa, pigilia kaniki kwa nyuma. Usiitangulize, maana kaniki huchuja rangi inapolowa.
6. Zungushia mbele ukanda mweusi wa sentimita 5. Hunyonya mwanga unaozidi na kuifanya picha ionekane safi.

Pazia lililopakwa rangi halikunjwi, kwani rangi itapasuka. Nyumbani, ukuta uliopigwa lipu laini na kupakwa rangi hiyohiyo unatosha bila fremu.

Mambo ya kuzingatia
Ukubwa. Wengi hutaka picha kubwa kuliko uwezo wa taa. Ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo lake huwa mara nne, na mwanga unaoangukia kila sehemu hubaki robo. Picha ndogo yenye mwanga ni bora kuliko kubwa iliyofifia.

Giza. Hakuna pazia linaloshinda jua. Funga madirisha, au anza baada ya saa moja usiku.

Nafasi za kukaa. Mstari wa mbele uwe mita 3 hivi kutoka kwenye pazia. Wa mwisho usizidi kimo cha picha mara sita: kwa picha ya kimo cha sentimita 140, ni mita 8 hivi. Filamu nyingi za sasa ni pana. Kimo chake kwenye pazia hili kitakuwa sentimita 107, hivyo wa mwisho wakae mita 6 na nusu. Chini ya pazia pawe sentimita 120 kutoka sakafuni, vichwa visizibe.

Projekta. Iweke sawasawa mbele ya katikati ya pazia. Ikiinamishwa, picha huwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Watoto wasitazame ndani ya lenzi.

Upepo. Nje, pazia hili hushika upepo kama tanga la dau. Lifunge kwenye nguzo mbili imara, na upepo ukizidi literemsheni.

Kabla ya siku ya maonyesho, washeni projekta na mmoja wenu akakae mahali pa mwisho kabisa. Asiposoma maandishi yaliyo kwenye picha, sogezeni viti, msingoje watu wafike.

Maswali ya kujadiliana
■ Katika mikutano yetu, ni nani hukaa nyuma, na kwa nini?
■ Tunawezaje kuwapa nafasi ya kuona vizuri bila kuwaondoa karibu na mlango?
■ Pazia litatunzwa wapi, na nani atawajibika?