Laptopu ya Kwanza Kariakoo: Soma Namba, Achana na Stika

Vyuo vikifungua mwaka mpya wa masomo, kuanzia Oktoba na kuendelea, mitaa ya Kariakoo hupata wateja wa aina yake. Wengi ni vijana wa mwaka wa kwanza wa IFM, CBE na DIT, vyuo vilivyo katikati ya jiji, mwendo wa miguu tu kutoka Msimbazi. Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) limeingia, au mzazi ameuza mpunga na kutuma hela kwa simu, na kijana ana laki tano au sita za kununulia kompyuta yake ya kwanza. Anashuka mwendokasi Gerezani. Kabla hajafika dukani ameshadakwa: "Karibu bosi! Laptopu? Ninayo Core i7, nyepesi, bei ya kutupa."

Huyo ni winga. Hana duka, ila anayajua maduka yote, na faida yake hupachikwa juu ya bei ya mwenye mali. Wapo mawinga wanaoijua bidhaa vizuri na wanaomhudumia mteja kwa uaminifu. Hata hivyo, kwa mwenye bajeti ndogo, hela inayokwenda kwa winga ni ile ile ambayo ingemwongezea RAM. Kwa kuwa nimewasindikiza wadogo zangu na watoto wa majirani kwenye manunuzi haya, ninachowaambia kwanza ni kwamba mnunuzi aingie dukani mwenyewe, aulize bei ya modeli ile ile maduka matatu au manne, ndipo aanze kupatana.

Modeli zenyewe si nyingi. Ukizunguka Aggrey na Likoma, au ukisogea hadi maduka ya Posta na Samora, utakutana na majina yale yale: HP EliteBook na ProBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Hizi ni mashine za maofisini. Kampuni za Ulaya na Marekani huzinunua au kuzikodi kwa wingi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote kwa mkupuo. Wafanyabiashara wa mitumba huzikusanya, na shehena nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Kwa maoni yangu mtumba wa namna hii unaishinda kwa mbali laptopu mpya ya bei hiyo hiyo. Ile mpya mara nyingi ina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC ya GB 64 ambayo Windows peke yake huila karibu nusu. EliteBook iliyotumika ina bawaba imara, kibodi nzuri, na vipuri vyake vinapatikana hapa hapa Kariakoo.

Sasa turudi kwa ile "Core i7".

Jina hilo peke yake halimwambii mnunuzi mengi, kwa sababu Intel ilianza kulitumia mwaka 2008. Cha kusoma ni namba inayofuata baada ya kistari. Chukua i7-6600U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi, au jenereshoni kama wauzaji wanavyosema: i7-6600U ni ya sita, i5-8250U ni ya nane. Ile i7 ya jenereshoni ya sita ina koa (cores) mbili tu. Ile i5 ya jenereshoni ya nane, iliyotoka 2017, ina nne, na kwa kazi nyingi inaiacha i7 nyuma. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu zinazohesabika ni mbili za mwanzo, kwa hiyo i5-1135G7 ni ya kumi na moja. Stika iliyobandikwa karibu na kibodi haiaminiki, maana stika hununuliwa na kubandikwa popote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, bonyeza Enter: jina kamili la prosesa litatokea, na ukubwa wa RAM pia.

Mstari wa jenereshoni ya nane una uzito wa pekee kwa sababu ya Microsoft. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia jenereshoni ya nane, isipokuwa prosesa chache sana za saba. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo mtu binafsi anayejiandikisha hupata masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, basi. Maana yake dukani ni hii: EliteBook 840 G3 ya jenereshoni ya sita inang'aa na bei yake inavutia, lakini kijana anayeanza shahada ya miaka mitatu atamaliza chuo akiwa na mashine isiyolindwa. EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 na Latitude 7490 zinapatikana zikiwa na jenereshoni ya nane. Ningejinyima mwezi mzima ili nifike hapo.

Kama hela haitoshi kabisa, usikate tamaa. Jenereshoni ya sita yenye SSD na GB 8 za RAM huenda vizuri sana na Linux Mint, mfumo usiouzwa, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Kuandika, intaneti, hesabu za jedwali, yote yanawezekana. Ila muulize kwanza mwalimu wako ni programu gani za lazima kwenye kozi yako. Wa uhasibu na wa uchoraji wa majengo hubanwa na programu za Windows.

RAM isipungue GB 8. Hifadhi iwe SSD, hata ya GB 256, kuliko diski ya kuzunguka ya GB 500 au TB 1 wanayopenda kuisifia. Tofauti ya kasi utaiona tangu unapoiwasha. Uliza pia kama RAM inaongezeka. T480 na 840 G5 zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kuanza na GB 8 leo ukaongeza nyingine mwakani. Baadhi ya modeli nyembamba, X1 Carbon ikiwamo, RAM yake imechomelewa: uliyonunua ndiyo hiyo hiyo.

Muuzaji mzuri hatakataa ukimwambia, "Kaka, naomba niikague kidogo." Ikae bila chaja muda wote unapoikagua. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili litakalotajwa. Linganisha mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaa sasa. Betri iliyoanza na mWh 50,000 na sasa inajaa 30,000 imebakiwa na asilimia 60. Hapo una hoja ya kushusha bei. Jaribu kila kitufe, spika, kamera, kila tundu la USB. Angalia mpangilio wa herufi, kwani mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Ufaransa zinaanza na A pale tulipozoea Q.

Kisha zima uwashe, ubonyeze F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad ili uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikudai nywila ya BIOS, irudishe mezani. Kuna mtego mwingine unaojificha zaidi: mashine ambayo kampuni iliyoiuza haikuiondoa kwenye usajili wake. Leo inafanya kazi, lakini siku ukiifuta na kuanza upya, inaunganishwa na intaneti na kuleta nembo ya kampuni ya ng'ambo ikitaka barua pepe ya mfanyakazi. Dawa ni kumwomba muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti, na uone skrini za mwanzo zikipita bila jina la kampuni yoyote.

Mkikubaliana, dai risiti ya EFD, si kikaratasi cha mkono. Ina msimbo ambao ukiusoma kwa simu unaithibitisha kwa TRA. Namba ya mfululizo (serial number) ya mashine iandikwe, na muda wa dhamana pia. Bila karatasi hiyo, kiongozi wa mtaa hana cha kukusaidia, wala Tume ya Ushindani, inayosimamia haki za mlaji chini ya sheria ya 2003.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kulilinda bando. Windows hushusha masahihisho ya ukubwa wa GB kadhaa bila kuuliza, na kwa anayetumia hotspoti ya simu bando la wiki huyeyuka usiku mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua jina la hotspoti yako, uwashe sehemu inayoitambulisha kuwa inatozwa kwa matumizi. Masahihisho yafanye chuoni kwenye Wi-Fi, lakini yafanye. Zima programu zinazojiwasha zenyewe. Kinga ya Windows Defender imo tayari, inatosha, na itakufaa siku ile flashi itakaporudi kutoka steshenari na virusi.

Kwa kazi za ofisi, LibreOffice ni ya bure na halali. Kiswahili si kigeni kwenye familia hiyo ya programu: mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ikiongea Kiswahili. Epuka Windows na Office za "kukreki". Programu za kuvunjia leseni ni mlango mkubwa wa wezi wa nywila, na kwenye kompyuta hiyo hiyo utafungulia akaunti ya benki na ya mkopo wa HESLB.

La mwisho wengi hulikosa. Windows 11 mara nyingi huifunga diski kwa fumbo, na ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyojisajilia. Diski ikiudai ufunguo nawe umeisahau akaunti hiyo, faili zako hazifunguki hata kwa fundi bingwa wa Kariakoo. Uandike ufunguo huo kwenye daftari, nakala za kazi zako ziweke Google Drive, inayotoa GB 15 bure, kisha itumie mashine kwa nguvu kutwa nzima kila siku dhamana ikiwa bado hai. Ikiwa na tatizo, bora lijitokeze wakati risiti bado ina kazi.